Sakafu Chini ya Jembe

Shimo lilikuwa na kina cha mkono mzima, na upana wa kumtosha mtu mmoja kuchuchumaa. Tulilichimba Babati, katikati ya shamba la mahindi ambayo majani yake yalikuwa yameanza kujikunja saa nne asubuhi, siku tisa tu baada ya mvua kubwa. Mwenye shamba, mama wa makamo aliyelima pale tangu aolewe, alikuwa ameniita nimwambie ni ugonjwa gani ulioyapata mahindi yake. Kwa sentimita 15 za mwanzo sepetu liliingia bila shida. Kisha likalia. Haukuwa mlio wa jiwe, bali mlio mzito, kama wa kugonga ukuta wa nyumba ya udongo. Tukaweka sepetu pembeni, tukachukua mtaraimbo, tukahangaika na unene wa kama upana wa kiganja kabla udongo haujalegea tena. Chini ya hapo ulikuwa laini, unachambuka vidoleni, na mkavu kana kwamba mvua ile ilinyesha wilaya nyingine.

"Bwana shamba," akasema yule mama huku akipapasa ukuta wa shimo, "hapa kuna mtu kamwaga saruji."

Nikamwomba ang'oe shina moja lililokuwa ukingoni. Tuliosha mizizi yake kwa maji ya dumu. Ilikuwa imeshuka wima vizuri hadi ikafika kwenye lile tabaka, kisha yote ikapinda kwa pamoja na kutambaa ubavuni, kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ncha kadhaa zilikuwa zimevimba, nene kuliko mzizi wenyewe. Hapakuwa na ugonjwa wowote. Mahindi yale yalikuwa na kiu, na maji yalikuwa yamepita juu yake siku tisa zilizopita yakaenda korongoni.

Nimechimba mashimo ya namna hiyo mara nyingi tangu siku ile, na bado nasikitika kila ninapousikia ule mlio. Nasikitika kwa sababu karibu kila mara mwenye shamba amekwisha kuilaumu mbingu, ameilaumu mbegu, wakati mwingine amekwisha kumlaumu jirani. Chini ya miguu yake hajawahi kutazama.

Tuanze na hesabu ya maji, maana ndiyo iliyonifumbua macho mimi mwenyewe. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya ekari moja ni lita 4,000 na ushei. Mvua ya milimita 40, ile ya alasiri moja inayotufanya tuseme leo imenyesha kweli, huleta kwenye ekari hiyo zaidi ya lita 160,000. Hakuna mkulima mdogo anayeweza kununua maji hayo wala kuyabeba. Yameletwa bure. Swali ni moja tu: ghala lake lina ukubwa gani?

Udongo wa tifutifu wa kawaida huweza kuhifadhi takribani milimita moja na nusu ya maji yanayofaa mmea katika kila sentimita ya kina chake. Mahindi yanapotoa mbelewele hunywa kiasi cha milimita 5 kwa siku, na zaidi kukiwa na jua kali na upepo. Mizizi iliyozuiwa kwenye sentimita 15 ina ghala la milimita 22 hivi: siku nne, tukikaza sana tano. Mizizi iliyofika sentimita 60 ina ghala la milimita 90: wiki mbili na nusu. Katika nchi zetu ambako mvua hukatika wiki mbili katikati ya msimu karibu kila mwaka, tofauti ya siku tano na siku kumi na nane ni tofauti ya kuvuna na kutovuna. Mbegu ni ile ile, mvua ni ile ile, jirani ni yule yule.

Na haya ni maji yaliyoingia tu. Tabaka gumu hufanya madhara mawili kwa mpigo. Juu yake udongo hujaa upesi, maji yanayoendelea kushuka hayana pa kwenda, yanatiririka na kuondoka na udongo wa juu pamoja na mbolea uliyoinunua kwa shida. Wiki ya kwanza mahindi yanakuwa na rangi ya njano kwa kuzama, wiki ya pili yanajikunja kwa kiu. Mkulima akisema mwaka huu mvua zilikuwa nyingi mno halafu zikawa chache mno, mara nyingi anaeleza kwa usahihi kabisa kinachotokea katika zile sentimita 15.

Sasa, saruji ile aliimwaga nani?

Udongo wenye afya karibu nusu yake ni nafasi tupu: vitundu vikubwa vya kupitisha maji na hewa, vidogo vya kuyahifadhi. Uzito ukikandamiza, vitundu vikubwa ndivyo vinavyokufa kwanza. Na udongo haukandamiziki sawasawa nyakati zote. Muulize mfyatua tofali. Vumbi kavu halifyatuki, tope jingi halifyatuki. Kuna unyevu wa kati na kati ambao ukiutia kwenye kibao na kuupiga, chembe hushikana na tofali linatoka limenyooka. Unyevu huo huo ndio ambao sisi wakulima, tukichukua udongo mkononi baada ya mvua za kwanza, husema shamba limeiva kwa kulimwa. Tunaingia na jembe na ng'ombe saa ile ile ambayo mfyatua tofali angeingia na kibao chake.

Jembe la mkono hugota sentimita 8 hadi 12, pale pale mwaka hadi mwaka, kwa sababu urefu wa mkono na nguvu ya mgongo havibadiliki. Plau ya maksai huteleza kwenye sentimita 15 hadi 20. Chuma kinakata juu na kulainisha chini, kama mwiko wa fundi unavyosawazisha lipu. Na tazama maksai wenyewe wanavyotembea: mmoja yuko juu ya ardhi isiyolimwa, mwenzake yuko ndani ya mfereji uliokatwa sasa hivi. Kwato za huyo wa mfereji zinakanyaga sakafu yenyewe moja kwa moja, pasipo udongo laini wa kupunguza uzito. Trekta yenye plau ya sahani hufanya vivyo hivyo, magurudumu ya upande mmoja yakipita mferejini, isipokuwa badala ya ng'ombe wa kilo 300 kuna tani kadhaa za chuma. Baada ya mavuno mifugo huachiwa mabua. Mwaka unaofuata tunarudia. Yule mama wa Babati na mumewe walilima shamba lile kwa plau zaidi ya miaka ishirini, kwa bidii, kwa wakati, kama walivyofundishwa na watu wa kazi yangu. Hapakuwa na uvivu wowote katika saruji ile. Ilijengwa na bidii.

Mzizi ni kiumbe chenye nguvu kuliko unavyodhani, lakini una kikomo. Udongo unapotoa upinzani unaokaribia megapaskali 2, sawa na kuweka kilo 20 juu ya sentimita moja ya mraba, mzizi wa mahindi karibu unasimama. Ule uvimbe wa ncha tuliouona ni mzizi uliokuwa ukijaribu kupanua tundu ili upite. Ulijaribu hadi ukachoka. Naomba msomaji autazame uvimbe huo kwa macho yake walau mara moja maishani. Kwangu mimi hakuna darasa la kilimo linaloupita.

Kuna mahali Tanzania ambapo somo la ardhi ngumu lilifundishwa kwa gharama ambayo haijawahi kurudiwa, nalo linafaa kusimuliwa hapa kwa urefu.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kupikia. Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, kwa kiwango ambacho dunia haijawahi kuona. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kurudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, kwa gharama ya takribani pauni milioni 25. Kongwa ndiko kulikochaguliwa pa kuanzia. Ardhi ilikuwa kubwa, watu wachache, na wekundu ule wa udongo ulipendeza machoni.

Mashine zikaja kutoka kila mahali palipokuwa na mabaki ya vita. Vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yakaitwa Shervick. Minyororo ya nanga za meli ikakokotwa kati ya matrekta mawili ili kung'oa miti. Miti ilipong'oka, ardhi ikaanza kujibu. Udongo wa Kongwa una chembe za kwatzi, na chembe hizo zilisaga vyuma vya majembe kama tupa. Una pia mfinyanzi ambao ukiloa hulegea na ukikauka hujifunga. Mvua ikikoma, shamba lote hukauka kuwa tofali moja.

Fikiria sasa karanga. Ua lake huchanua juu, kisha kikonyo hushuka chini kikitafuta udongo, hupenya, na tunda hukomaa gizani. Ni mmea unaopanda mbegu zake wenyewe ardhini. Unahitaji udongo laini mara mbili: siku kikonyo kinapoingia, na siku mkulima anapong'oa. Kongwa, siku ya kung'oa ilikuja wakati mvua zimekwisha na tofali limekomaa. Karanga zilikuwamo, na mashine hazikuweza kuzitoa. Kufikia Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu.

Watu husimulia kisa hiki ili wacheke ukubwa wa mipango ya wakoloni. Mimi sioni cha kucheka. Wagogo waliokuwa jirani na mashamba yale waliijua ardhi hiyo kuwa ni ya ng'ombe, mtama na uwele, na walijua ni miezi gani inafunga. Hakuna aliyechimba nao shimo na kuwauliza. Kuna somo jingine la kiufundi ambalo wengi hulipita: ugumu wa Kongwa haukutokana na plau, ulikuwa ndani ya asili ya udongo wenyewe. Ugumu wa namna hiyo ukiupasua leo kwa chuma, mvua mbili tatu huurudisha, maana hakuna mboji ya kushikilia chembe zisiporomoke na kushikamana upya. Ugumu wa Babati ulitengenezwa na zana, na unaweza kutenguliwa. Anayetaka kupasua shamba lake sharti ajue kwanza ana ugumu wa aina gani, la sivyo atalipia trekta kila mwaka kama anayelipia kodi ya pango.

Nchi zilizoendelea nazo hazijapona. Mwaka 2022 watafiti Thomas Keller na Dani Or walionyesha kwamba mashine ya kuvuna nafaka iliyojaa mzigo, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na uzito wa tani 4 hivi, sasa inafika tani 36, na kwamba uzito wa mashine kubwa za shambani unakaribia ule wa dinosau wakubwa waliopata kutembea duniani. Matairi mapana huokoa udongo wa juu tu. Uzito wenyewe hushuka. Majaribio marefu ya Uswidi yalionyesha kwamba ukandamizaji uliofika chini ya sentimita 40 hauondoki hata baada ya miaka mingi ya ardhi kuganda barafu na kuyeyuka. Kwetu hakuna barafu hata ya kujaribu. Nalitaja hili kwa sababu trekta zinazoingia vijijini mwetu zinakua mwaka hadi mwaka, na bado tunazipokea kwa vigelegele pasipo kuuliza zinapima tani ngapi.

Kupasua lile tabaka tunakuita kutindua, na zana yake ni tindo. Jina limechukuliwa kwa fundi mwashi, na limechukuliwa vyema: tindo haigeuzi udongo kama plau, inaingia wima, nyembamba, inapasua na kuondoka. Udongo wa juu unabaki juu, na mabaki ya mazao yanabaki juu yake.

Kabla ya tindo tafuta nondo, kipande cha mita moja kilichochongwa ncha. Siku moja au mbili baada ya mvua nzuri, ardhi ikiwa imelowa vyema, kisukume chini kwa mikono, taratibu, kwa nguvu isiyobadilika. Ukifanya wakati wa kiangazi utakuta kila mahali pagumu na hutajifunza kitu. Pale mikono inapogoma, weka alama kwa kidole, kitoe, kipime. Endelea kusukuma, kikipenya ghafla, umefika chini ya sakafu, pima tena. Rudia mahali ishirini, si mahali pamoja. Tabaka lililotokana na plau litakuwa karibu kina kile kile shamba zima. Kisha chimba shimo, maana nondo inaweza kukudanganya kwa jiwe au mzizi wa mti, lakini ukuta wa shimo haudanganyi.

Kina cha kutindua ni sentimita 3 hadi 5 chini ya mwisho wa sakafu. Ikiwa sakafu inaishia sentimita 25, kwenda sentimita 50 ni kuchoma dizeli bure na kulegeza udongo ambao haukuwa na tatizo. Jino moja la tindo linalokwenda sentimita 35 hadi 40 linaweza kudai nguvu za farasi 25 au zaidi, kwa hiyo pawatila haiwezi kazi hii, na trekta ya kawaida ya kijijini itavuta meno mawili, si matano. Kwa mkulima wa mahindi hilo si tatizo. Hahitaji kupasua shamba lote. Apasue mistari atakayopanda, nafasi ya sentimita 75 hadi 90, na mizizi itaukuta mlango wazi chini yake.

Jambo la kufa na kupona ni ukavu. Tindo ikipita katika udongo mkavu, sakafu inapasuka kwa nyufa zinazopanda pande zote mbili kama herufi V, na unaweza kuona uso wa shamba ukiinuka kidogo nyuma ya jino, kama mtu anayevuta pumzi. Ikipita katika udongo mbichi hakuna kinachopasuka. Nilishuhudia kosa hilo na nililishiriki. Trekta tuliyoikodi ilichelewa hadi mvua za kwanza zikashuka, wakulima walikuwa wamekwisha kulipa, dereva ana haraka, nikasema twendeni tu. Jino lilipita kama kisu kwenye ugali wa moto. Kesho yake tulichimba tukakuta mfereji mwembamba wenye kuta zinazong'aa, zilizopigwa lipu, na matairi yakiwa yameongeza sakafu mpya pande zote. Wakulima wale walilipa fedha zao kuharibiwa mashamba, na mimi ndiye niliyesema twendeni. Tangu hapo sheria yangu ni hii: chukua udongo wa kina cha sakafu, usokote kati ya viganja. Ukikubali kuwa utambi mwembamba kama penseli, trekta irudi ilikotoka. Ukivunjika vunjika, endelea.

Wakati mzuri basi ni mara baada ya mavuno. Kwa wenye maksai hili lina sababu nyingine. Ng'ombe wa Oktoba, baada ya miezi mitano ya nyasi kavu, hana nguvu ya kuvuta chochote cha maana. Ng'ombe wa Juni bado ana mwili, na ardhi bado ina ubichi kidogo unaopunguza upinzani. Tindo ya Magoye, iliyotengenezwa Zambia katika miaka ya 1990 na ikapewa jina la mahali ilikozaliwa, hufungwa kwenye mti wa plau ya kawaida na kuvutwa na maksai wawili. Haifiki mbali kama ya trekta, lakini ukipita mara mbili katika mstari ule ule, sakafu nyingi za plau hukatika. Upande wa Arusha na Babati miradi ya hifadhi ya ardhi ilileta kazi hii mashambani miaka hiyo hiyo, na matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwa wakulima wa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia yalichapishwa mwaka 2009: waliotindua mara nyingi walivuna zaidi kwa mvua ile ile, hasa walipoongeza mbolea. Sehemu hiyo ya mwisho isipuuzwe. Maji yakiingia katika udongo wenye njaa, mmea hunywa lakini haushibi.

Na asiye na ng'ombe wala trekta? Dodoma, ambako wengi bado huberega, yaani kukwatua majani juu juu na kupanda bila kulima, kijiji cha Chololo kilizaa jibu linaloitwa kwa jina lake. Mashimo ya Chololo yana kipenyo cha sentimita 22 na kina cha sentimita 30, shimo na shimo sentimita 60, mstari na mstari sentimita 90. Ni kama mashimo 7,500 kwa ekari, kazi ya kukata mgongo mwaka wa kwanza. Ndani huwekwa samadi, majivu na mabaki ya mazao, udongo uliotoka huwekwa upande wa bondeni ili kuzuia maji. Mwaka wa pili mashimo yako pale pale, kazi inapungua. Mchwa hufuata mabaki yale na kuchimba matundu yao chini zaidi kuliko sururu ingefika. Anayeweza kufanya robo ekari afanye robo ekari, aache tamaa ya shamba zima.

Si kila sakafu ni adui, nalo niliseme ili asitokee mtu akaharibu jaruba lake. Mpunga unaitaka. Wasukuma wana udongo wanaouita itogolo, mgumu chini, nao kwa akili nyingi wakauzungushia kingo wakapanda mpunga, kwa kuwa sakafu hiyo hiyo inayoua mahindi ndiyo inayoshika maji ya mpunga. Na udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kubwa kila kiangazi, hujitindua wenyewe.

Sasa sehemu ngumu. Tindo inafungua mlango kwa msimu mmoja, pengine miwili au mitatu. Udongo uliotoka kupasuliwa ni dhaifu kuliko wakati wowote, hukandamizika kirahisi mno. Ukiutindua Juni, ukaingiza plau Novemba na ng'ombe wa kijiji kizima baada ya mavuno, utakuwa umejenga sakafu mpya, safari hii nzito kuliko ya kwanza. Nimeona mashamba yaliyotinduliwa kwa fedha ya mradi na kurudi yalivyokuwa ndani ya misimu miwili, na mwenyewe akisema teknolojia ile haifai. Teknolojia ilifaa. Kilichobaki ni mazoea.

Kwa hiyo mwaka unaofuata usilime, panda kwenye mstari ule ule uliopasuliwa. Matairi na kwato zipite njia moja kila mwaka, na njia hiyo ikubalike kuwa imekufa ili pengine pote paishi. Mabaki yafunike ardhi kadiri mifugo itakavyoruhusu. Katika nchi ya wafugaji hilo ni jambo la makubaliano ya kijiji kuliko la kilimo. Mkulima mmoja hawezi kulilinda shamba lake peke yake.

Na kazi ya kuulinda mlango iachiwe mzizi. Yule mama wa Babati hakuwa na haja ya kutafuta mbali, kwani Babati ni nchi ya mbaazi. Mbaazi huchanganywa na mahindi, mahindi huvunwa, nayo hubaki shambani miezi mingine ikiendelea kushusha mzizi wake mkuu, mnene, wenye subira, kupitia nyufa ambazo tindo ilifungua. Mbaazi ikikatwa juu, mzizi huoza chini na kuacha bomba. Mhindi wa mwaka unaofuata hushuka katika bomba hilo. Ngwara nayo hufanya kazi inayofanana, na kivuli chake hufunika ardhi vizuri zaidi.

Lakini mbaazi ya Babati ilikuwa ikilimwa kwa ajili ya soko la India, na Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inayoingia nchini mwake. Bei ikaporomoka, magunia yakakaa majumbani, na wengi wakaapa kutoipanda tena. Nilielewa uchungu wao. Huwezi kumwambia mtu mwenye ada za shule afurahie mzizi. Hata hivyo nilisikitika kuona mistari ile ikipotea, kwa sababu bei ile haikuhesabu kazi ya kuchimba ambayo mbaazi iliifanya bila malipo. Anayeipima kwa gunia peke yake ameipima nusu.

Yule mama hakuing'oa mistari yake. Aliipunguza tu, kila mistari minne ya mahindi mmoja wa mbaazi, na mbaazi yake akaitumia nyumbani. Msimu wa tatu baada ya kulitindua shamba lake tulichimba shimo jingine, hatua chache kutoka lile la kwanza. Sepetu lilisita pale pale kwenye sentimita 15, ila likaingia. Ndani ya ukuta wa shimo kulikuwa na ufa mweusi, na ndani ya ufa mizizi miwili ya mhindi, myembamba na iliyonyooka, ikishuka kandokando ya mzizi wa mbaazi uliooza. Tuliifuata hadi sentimita 70, mtaraimbo ukabaki juu bila kutumika.

Ewe mkulima unayesoma haya, kabla hujakodi trekta mwaka huu, na kabla hujabadili mbegu, chukua sepetu uende katikati ya shamba lako. Chimba kina cha mkono mzima, ung'oe shina moja, uoshe mizizi. Kazi hiyo haichukui zaidi ya saa moja.